Shangazi na Wapiga Sakafu

Shangazi yangu hakuwa na sauti. Akiimba, watoto walicheka na mbuzi wa jirani wakaitika, naye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kujicheka. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu kazi aliyoiongoza kwa miaka mingi hapa Malindi ilikuwa kazi ya kuimba.

Siku hizo, kabla ya vita vya Wajerumani, nyumba ya mawe haikuezekwa kwa mabati. Mafundi walipanga boriti juu ya kuta, wakatandaza mawe membamba juu ya boriti, kisha wanaume wakapandisha kokoto na chokaa iliyokorogwa wakaimwaga huko juu. Hapo ndipo tulipoitwa sisi wanawake. Tulichutama kwa safu, kila mmoja na kipande chake mkononi, yaani gogo fupi lililochongwa bapa upande wa chini na kutiwa mpini, tukaipiga ile chokaa mbichi kutwa nzima, siku baada ya siku, huku tukiinyunyizia maji, mpaka ikashikana ikawa sakafu ngumu isiyopitisha tone, nayo ndiyo dari ya nyumba. Ukipiga kwa nguvu mno, unaipasua. Ukipiga kwa ulegevu, inabaki na mapengo ndani. Na sharti wote mpige pamoja, kwa pigo moja, kwani anayepiga kwa wakati wake humwinulia mwenziwe chokaa aliyokwisha kuilaza. Ndiyo maana tuliimba. Mmoja alitoa wimbo, sisi tukaitikia, na mikono ikafuata midomo.

Watu walimwuliza shangazi imekuwaje mwanamke asiye na sauti akawa mkubwa wa waimbaji.

"Mimi sauti sina, lakini nasikia," alijibu, kisha akabadilisha mazungumzo.

Nilianza kumfuata kazini kabla sijaolewa, na nilipoolewa nikaendelea, kwa kuwa mume wangu, aliyekuwa mshona kofia, hakuona ubaya. Kwa muda mrefu sikuelewa shangazi alikuwa akifanya nini hasa. Kila asubuhi, kabla hatujapanda, alisimama chini ya ngazi akatusalimu mmoja mmoja. Hakusalimu huku akitazama kwingine. Alikushika mkono, akakuuliza mtoto ameamkaje, jino limepoa, mgeni wako ameondoka au bado yupo. Nilidhani ni maneno ya wanawake tu. Baadaye nikatambua kwamba pale ngazini ndipo alipoipanga kazi ya siku nzima. Aliyekesha na mgonjwa alimkalisha kati ya wawili wenye nguvu. Waliokuwa wamenuniana aliwatenga, mmoja kaskazini, mmoja kusini. Mwenye kunyonyesha alimpa upande wenye kivuli cha ukuta, yeye mwenyewe akakaa juani.

Ukikosea, hakukuita kwa jina mbele za watu. Alikuja akachutama kando yako, akachukua kipande chake, akapiga pamoja nawe bila ya kusema neno mpaka mkono wako ukaufuata wake, kisha akainuka akaenda zake. Sifa pia alizitoa hivyo hivyo, kwa sauti ndogo na kwa jambo maalumu. Hakusema, "Nyote mmefanya vizuri." Alisema, "Kona ile ya jana uliyoipiga wewe inalia kama chungu kizima." Nawe ulirudi nyumbani na maneno hayo, ukampikia mumeo huku ukitabasamu peke yako.

Katika safu zetu walikuwamo wanawake waliokuwa watumwa mpaka miaka michache nyuma. Hao walikwisha kuamrishwa maisha yao yote. Ukiwapigia kelele waliinamisha kichwa, wakafanya kile tu ulichokisema, si zaidi. Shangazi alilijua hilo, naye hakuwahi kupanda juu na fimbo wala kuwanyoshea kidole. Simsifu kwa kila kitu. Tambuu yake aliificha kama dhahabu, na akikukasirikia kwa jambo la nyumbani alikuwa mzito kusamehe. Lakini akishapanda ngazi alikuwa mtu mwingine.

Nyumba ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya tajiri mmoja wa Kihindi, muuza nguo, aliyetaka ghorofa yake imalizike kabla ya mvua za vuli. Mwaka ule mahindi ya bara yalikuwa yamekauka mashambani, na wanawake wa Kigiriama kutoka upande wa Kakuyuni wakaja mjini kutafuta vibarua. Wakamjia shangazi. Yeye akawatazama mikono, mikono iliyozoea jembe na mchi, akawachukua papo hapo.

Wenzetu wa mjini hawakupenda. Hakuna aliyetamka, lakini asubuhi ile juu ya dari zikaonekana safu mbili zilizojitenga: sisi na kanga zetu upande wa bahari, wao na mahando yao, zile nguo fupi za marinda, upande wa bara. Aliyetutolea nyimbo alikuwa mwanamke mmoja wa mtaa wetu, sauti nzuri kuliko zote nilizopata kusikia, naye nyimbo zake zilikuwa za mafumbo ya mjini: bwana fulani aliyenyimwa chakula, bibi fulani aliyeazima mkufu wa arusi akaupoteza. Sisi tulicheka, tukaitikia kwa nguvu. Wale wa Kakuyuni hawakumjua bwana fulani wala bibi fulani. Walisubiri watusikie kwanza, ndipo waitikie, na mikono yao ikachelewa kama midomo yao.

Jioni ya siku ya pili fundi mwashi alipita akigonga sakafu kwa kijiti. Upande wetu ulilia. Upande wao ulibwata, sauti bubu ya kitu chenye mapengo ndani. Akamwita mwenye nyumba, tajiri akapanda ngazi huku akihema.

"Mama," akamwambia shangazi, "hawa warudishe kwao. Nitakutafutia wengine."

Wanawake wa Kakuyuni walisimama na vipande vyao. Nami, sitaficha, nilingojea kumsikia shangazi akiwatetea au akiwafukuza, moja katika hayo mawili.

"Kosa ni langu, bwana," shangazi akasema. "Nimewapa wimbo wasioujua, kisha nikataka waitikie. Nipe kesho. Ikibwata tena, nirudishe mimi."

Tajiri akamtazama fundi, fundi akainua mabega. Wakashuka.

Kulipokucha, shangazi alizichanganya safu pale pale ngazini, wa mjini mmoja, wa shamba mmoja. Tulipokwisha kupanda akawauliza wale wageni, "Nani kati yenu huimba mkitwanga?"

Wakamsukuma mbele mwanamke mmoja mrefu, wa umri wangu, mtoto mgongoni. Alikuwa hajasema kitu tangu afike. Akatazama chini, akakohoa, akaanza kuimba kwa Kigiriama, wimbo wa kutwangia, mzito na wa taratibu. Wenzake wakaitikia mara moja, na vipande vikaanguka pamoja, pwa, pwa, pwa. Sasa sisi wa mjini ndio tuliochelewa! Tukawa twatazamana kama wageni katika nyumba yetu wenyewe. Mmoja akaitikia mahali pasipoitikiwa, peke yake, kwa sauti kubwa, na dari nzima ikaangua kicheko, wa shamba na wa mjini. Nadhani kicheko kile ndicho kilichotuunganisha kuliko kitu chochote shangazi alichokipanga.

Lakini mwimbaji wetu hakucheka. Alikiweka kipande chini akajifuta mikono.

"Mimi sikuja hapa kufundishwa kuimba," akasema.

Shangazi akaenda akachutama kando yake. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Hakuna anayekufundisha, mwanangu. Kesho utatoa wewe, na nataka uwaeleze maana, wacheke pamoja nasi. Leo nisaidie tuwasikie wao. Wewe ukiitikia, wote wataitikia."

"Na nisipoitikia?"

"Basi nitaimba mimi."

Mwimbaji akamkodolea macho, kisha akashindwa kujizuia, akacheka, akakiokota kipande chake. Jioni ile fundi aligonga huku na huku bila ya kusema kitu, na kutoka kwa fundi yule kimya kilikuwa sifa kubwa.

Siku chache baadaye tajiri, kwa furaha, akapanda na wazo lake. Safu itakayomaliza kwanza, kila mmoja wao atapata kanga mpya. Tayari wanawake walikuwa wameanza kupimana kwa macho. Shangazi akamvuta kando, ila si kando sana.

"Bwana, ukitoa kanga wape wote, au usitoe kabisa. Hawa wakishindana, kila mtu ataipiga yake, na pale safu mbili zinapokutana ndipo nyumba yako itakapovuja."

Tajiri akafikiri, akapangusa kipaji cha uso. "Basi," akasema, "wote." Na kweli baadaye alitupa sote, rangi moja.

Ilikuwa imebaki sehemu ndogo tu tulipopata msiba wetu. Shangazi aliteleza ngazini akishuka, akaangukia goti. Tulimbeba mpaka nyumbani, na alasiri ile goti lilivimba kama dafu. Nilikaa naye nikimkanda kwa mafuta ya simsim yaliyopashwa moto. Hakulia, ila kila nilipokandamiza alinishika bega.

"Kesho ataongoza yule mwenzetu wa Kakuyuni," akasema ghafla. "Yule mrefu."

Mkono wangu ukasimama.

"Na mimi?"

"Wewe utakaa kando yake."

"Shangazi, mimi ni damu yako. Nimekufuata tangu sijaolewa. Yeye amekuja juzi."

"Ndiyo."

"Watu watasemaje?"

"Watasema. Kisha watapanda ngazi." Akanivuta uso wangu nimtazame. "Sikiliza, mwanangu. Wewe, mtu akikosea, unamwona upesi kuliko mimi. Yeye, mtu akichoka, anamwona upesi kuliko mimi. Jana alipunguza mwendo wa wimbo kabla sijamfanyia ishara. Nataka ukae karibu naye uone anachokitazama. Siku ukikiona, hutanihitaji."

Nilimaliza kumkanda nikiwa nimenuna, nikamfunga goti kwa kitambaa, nikaenda nyumbani nikalia jikoni huku nikisingizia moshi. Mume wangu aliniuliza kama nitaacha kazi. Nikamwambia sijui. Naye, kwa kuwa ni mtu wa maneno machache, akaendelea kushona.

Asubuhi nilikwenda. Nilimkuta mwenzangu yule amesimama chini ya ngazi, mahali pa shangazi, anamshika kila mtu mkono na kumsalimu kwa Kiswahili chake kilichokatika. Wengine walimjibu vizuri, wengine walijibu nusu. Aliponifikia mimi hakuuachia mkono wangu.

"Dada," akasema polepole, "mimi mji wenu siujui. Sijui nani kagombana na nani. Nisaidie nisije nikawakalisha pamoja."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa mambo mengi, lakini si kwa hilo. Angeniamrisha, ningekuwa na la kumjibu. Aliniomba kitu ambacho yeye hakuwa nacho na mimi ninacho, bila ya aibu, na hasira yangu ikakosa mahali pa kushika. Nikamnong'oneza yote: huyu na huyu walikosana kisimani, yule mumewe amerudi na mke wa pili, usimweke karibu na wanaopenda mzaha. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akawapanga. Kazi ikaenda.

Mvua ilikuja siku ile ile, baada ya adhuhuri, kabla ya wakati wake. Wingu jeusi liliinuka, upepo ukageuka ukawa baridi. Kona moja ya dari ilikuwa imemwagwa asubuhi, bado mbichi kabisa, na mvua kubwa ingeiosha chokaa yote ibaki kokoto tupu. Tajiri alikuwa chini akipiga kelele, "Haraka! Haraka, mama zangu!" Baadhi ya wanawake waliinuka washuke. Nami nikapandwa na kichaa cha aina yangu, nikaanza kufoka, "Kazeni! Pigeni! Mbona mwalegea?" Wakapiga kwa nguvu, kila mtu na pigo lake, na nikaiona chokaa ikiruka.

Mwenzangu akainua mkono juu. Aliushikilia tu hewani, mpaka wa mwisho akaacha kupiga. Kimya kile, mvua ikija, kilikuwa kitu cha kutisha.

"Kona ile ndiyo mbichi," akasema. "Kwingine kumeshika, mvua haitadhuru. Tutaifunika ile kona na tutaipiga chini ya kifuniko. Anayeogopa radi ashuke, hatumlaumu." Kisha akanigeukia. "Dada, tajiri ana nini cha kufunikia?"

"Magunia," nikasema. "Ghala lake limejaa."

"Wewe anakujua. Nenda."

Nilishuka mbio. Mtoto wa mwenzangu alikuwa akilia amelazwa chini ya ngazi, nikamnyakua njiani, nikamkabidhi mke wa tajiri aliyekuwa amesimama mlangoni, yule mama akampokea bila ya kuuliza. Tajiri akafungua ghala. Tukapandisha magunia, mimi na vibarua wa kiume na tajiri mwenyewe. Wanaume wakayatandaza juu ya vichwa vyetu wakayashika pembeni, na pembe moja ikakosa mtu. Tajiri akaishika. Alisimama pale na koti lake jeupe, mikono juu, maji yakimtiririka ndevuni mpaka tumboni.

Hakuna aliyeshuka. Mwenzangu akamtafuta kwa macho mwimbaji wetu wa mjini.

"Toa wako," akamwambia. "Ule wa polepole."

Mwimbaji akautoa. Mvua ilipiga magunia juu yetu, sisi tukapiga sakafu chini, na kati ya kelele hizo mbili sauti yake ikapita sawasawa, bila ya haraka hata kidogo. Tuliitikia sote, maana wakati ule kila mmoja alikwisha kumjua bwana fulani na bibi fulani. Hata tajiri aliitikia, na wala hakuyajua maneno.

Hatukuiokoa kona yote. Ukingo mmoja ukaoshwa na mvua, mafundi wakaumwaga upya kesho yake. Fundi alituambia alitarajia kuimwaga yote.

Jioni nilikwenda kwa shangazi, nimelowa, nikimletea habari kwa pumzi moja. Nilidhani ataniuliza sakafu imekuwaje. Akaniuliza, "Nani alichoka kwanza?"

Nikamtajia.

"Mkafanyaje?"

"Mwenzangu akampa kazi ya kunyunyiza maji, akapumzisha mkono."

"Na mtoto wake mwenyewe alikuwa na nani mvua ikinyesha?"

"Na mke wa tajiri."

"Nani aliyempeleka?"

"Mimi."

Shangazi akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kijaluba chake, akanikatia tambuu. Nimekwisha kutaja jinsi alivyokuwa bahili nayo. Tulitafuna pamoja, na mimi nikajua nimesamehewa kwa kununa kwangu, ingawa hakuna aliyewahi kutaja kununa huko.

Hakupanda tena ngazi. Goti lilipona nusu, likabaki hivyo. Mvua iliponyesha vizuri bara, mwenzangu alirudi Kakuyuni kupanda mahindi, lakini kila kiangazi alikuja, na kwa miaka kadhaa tuliongoza pamoja nyumba za mjini, na moja kubwa kule Mambrui. Alikaa kwangu akija, nami nilikwenda kwake alipoozesha binti wa dada yake, nikala mpaka nikashindwa kutembea. Kazini, nilipoanza kufoka, alinitazama tu, nami nikashusha sauti. Yeye alipowaonea watu huruma kupita kiasi, mimi ndiye niliyewaambia kona ile irudiwe. Sijui kama peke yangu ningekuwa kiongozi wa kufaa. Nadhani wangenitii tu, si zaidi.

Shangazi alifariki mwaka wa vita, kwa homa, akiwa kitandani mwake. Siku ya matanga nyumba ilijaa wanawake, wengine niliwasahau majina, watu wa dari za zamani kabisa. Mwenzangu alifika kwa miguu na wenzake, wamebeba unga na kuku. Nikaona ni wajibu wangu kupanga mambo: nani achote maji, nani apike, nani awapokee wageni, nani akae na shangazi zangu wengine waliokuwa wakilia. Nilifunga kanga kiunoni nikatoka uani tayari kuanza.

Maji yalikwisha kuchotwa. Masufuria yalikuwa motoni. Mwimbaji wetu alikuwa anachambua mchele na mwanamke wa Kakuyuni ambaye sikumkumbuka, wakizungumza kwa sauti ya chini. Mzee mmoja aliyechoka alikuwa ameketishwa kivulini, na mtu alikwisha kumchukua mjukuu wake. Nilizunguka ua wote nikitafuta la kuamuru, nikalikosa. Ndipo nikaketi chini kati yao, nikachukua ungo, nikaanza kupepeta.